Kwa nini Kampala husema "pick me" pale London wanaposema "pick me up"?

Abiria wa Kampala anapomwandikia mwendesha bodaboda "come and pick me", hueleweka papo hapo kwamba anaomba afuatwe alipo. Maneno hayohayo yakimfikia mkazi wa London, huenda akajiuliza achaguliwe miongoni mwa kina nani, kwa sababu kwake "pick" pekee, inapomhusu mtu, ni kuchagua, ilhali kumfuata mtu na kumchukua ni "pick up". Je, kijineno "up" kina kazi gani hasa?

Maana ya msingi ya "pick up" ni ya mkono: kushika kilicho chini na kukiinua, yaani kuokota. Maana nyingine zimechipuka hapo kwa njia inayofuatika, kwani karibu kila mara kuna kitu kilicholala au kutawanyika ambacho sasa kinainuka au kinaingia mkononi. Kupokea simu huitwa hivyo tangu enzi ambapo mkono wa simu uliinuliwa kutoka kwenye kitako chake. Redio ikinasa mawimbi ya mbali, ni "pick up". Biashara iliyodorora ikianza kuchangamka, ni "pick up" pia. Aliyejifunza Kiacholi kwa kusikiliza watu sokoni Gulu, bila mwalimu wala daftari, naye husemwa hivyo, na hapo Kiswahili kiko jirani kabisa, maana nasi tuna lugha ya kuokoteza, ingawa usemi wetu una chembe ya dharau ambayo ule wa Kiingereza hauna.

Kuhusu Kampala kuiacha "up", naona sababu moja yenye uzito imo katika Kiganda, ambamo kitenzi "okulonda" hubeba kuokota na kuchagua kwa pamoja, hata kupiga kura kukaitwa kwa neno hilohilo. Aliyekulia katika lugha isiyotenganisha mambo hayo mawili hana cha kumkumbusha aongeze kijineno, na si haki kumhesabia ujinga, kwa kuwa wenzake wote nchini humwelewa. Tatizo huja katika mtihani, au katika barua inayokwenda ng'ambo.

Anayetaka kukitumia kitenzi hiki kama Waingereza wanavyokitumia azingatie pia mahali pa kiwakilishi, ambacho lazima kikae katikati: "pick me up", kamwe si "pick up me". Nomino ina uhuru zaidi, hivyo "pick up the child" na "pick the child up" zote ni sahihi.

Maneno hayo mawili yakiunganishwa kuwa nomino, Waingereza hutia mkazo kwenye silabi ya kwanza. Ndiyo nomino iliyotupa pikapu, gari lenye sehemu ya nyuma iliyo wazi, nasi tukausogeza mkazo hadi silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kinavyodai.