Komedi ya maswahiba safarini: maana yake na kinachochekesha ndani yake

Jaji mstaafu amesimama kaunta ya hoteli, suti imenyooka, anajaza fomu ya wageni. Mhudumu anasoma jina, anainuka kidogo kitini. "Karibu sana, mheshimiwa." Kabla jaji hajaitikia, sauti inapazwa kutoka mlangoni, ukumbi mzima unasikia: "Wewe Kamasi! Njoo ubebe begi lako, mimi si punda wako!" Jaji hageuki. Kalamu tu ndiyo imesimama.

Sini hiyo nimeitunga mwenyewe, usihangaike kuitafuta. Nimeitanguliza kwa sababu mtu akiniuliza komedi ya maswahiba safarini ni kitu gani, naona ni rahisi kumwonyesha kuliko kumweleza. Hapo hakuna aliyeteleza, hakuna aliyevunja kitu, hakuna hata aliyetoa kichekesho. Kuna mzee aliyetumia miaka arobaini kujijengea heshima, na kuna mwenzake anayemjua tangu wakiwa darasa la pili, pua zinawachuruzika wote wawili.

Kwa maelezo ya kawaida basi, ni filamu nyepesi ya kuchekesha inayowakusanya marafiki wa miaka mingi, mara nyingi watatu hadi watano, ikawatoa majumbani mwao na kuwatia njiani pamoja. Kicheko chake hutoka katika pengo lililopo kati ya mtu alivyo leo na mtu yule ambaye wenzake bado wanamkumbuka. Kipande hicho cha mwisho ndicho watu hukisahau. Wakiona gari, mizigo na barabara ndefu, hudhani safari ndiyo inayochekesha.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Jina kama Kamasi tunaliita jina la utani, na utani hauruhusiwi kwa kila mtu. Neno lile lile akilitamka mpita njia ni tusi, akilitamka swahiba ni salamu. Filamu hizi zote zinakichezea kibali hicho: nani anacho, kinafika wapi, na siku gani kinamwishia mtu mkononi.

Ni vizuri kuitenganisha na ndugu yake wa karibu, filamu ya wageni wawili barabarani. Mfano maarufu ni It Happened One Night ya mwaka 1934, iliyoongozwa na Frank Capra. Binti wa tajiri katoroka nyumbani, mwandishi wa habari kakutana naye ndani ya basi, na njia nzima wanajifunza kuvumiliana mpaka wanapendana. Ilizoa Oscar tano kubwa: filamu bora, mwongozaji, waigizaji wakuu wote wawili na skripti. Lakini wale walianza bila kujuana, wakamaliza wanajuana. Kwa maswahiba mambo yamepinduka. Wanaanza wakiamini kwamba hakuna wasilolijua kuhusu mwenzao, kisha kila kilomita inawaonyesha kwamba yule wanayemjua aliondoka zamani, na huyu aliyekaa kiti cha mbele hawajapata kutambulishwa kwake.

Kwa nini lazima wasafiri? Mtu akiwa nyumbani ana ngao zake. Ana mke au mume wa kumtetea, wajukuu wanaomwita babu, ofisi yenye jina lake mlangoni, na akichoshwa na wenzake anaaga, anarudi kwake. Njiani ngao zinabaki nyuma. Huwezi kushuka garini kwa sababu tu mwenzako kakukera, hasa ikiwa gari ni lake. Halafu safari inalazimisha maamuzi madogo madogo yasiyoisha: nani aendeshe, nani akae mbele, dirisha lifunguliwe au lifungwe, tulale wapi, nani alilipa jana. Nani anakoroma si swali tena kufikia usiku wa pili. Mwandishi mzuri wa skripti hupata sini tano katika suala la dirisha peke yake.

Safari pia inaondoa simu, na waandishi wanalijua hilo. Katika Zindagi Na Milegi Dobara, filamu ya India ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Zoya Akhtar, marafiki watatu wanazunguka Hispania kabla mmoja wao hajaoa. Mmoja hawezi kuacha kazi, simu haibanduki sikioni, mpaka mwenzake anainyakua na kuitupa nje ya gari linalokwenda. Ukimfanyia mtu usiyemjua, hiyo ni kesi. Hapa ni utani, ila utani wenye meno, kwa sababu wawili hao wana jambo la mwanamke ambalo halijawahi kuzungumzwa likaisha.

Watu wazima hawaondoki nyumbani bila kisingizio, na aina ya kisingizio inatabiri aina ya filamu. Harusi ndiyo inayotumika kuliko vyote. Katika Last Vegas ya mwaka 2013, mwanamume anayekaribia miaka sabini anataka kuoa msichana wa miaka thelathini na kidogo, na marafiki zake watatu wa utotoni wanamfuata Las Vegas kusherehekea. Mmoja wao kanuna tangu mwanzo: mkewe alipofariki, bwana harusi huyu hakuja mazikoni. Angalia jinsi kisingizio na kinyongo vilivyofungwa kamba moja. Huwezi kukaa meza ya harusi ya mtu ambaye hakusimama kaburini kwa mkeo bila mambo kufumuka.

Girls Trip ya mwaka 2017 inatumia tamasha la New Orleans kuwarudisha pamoja wanawake wanne waliosoma chuo kimoja. 80 for Brady ya mwaka 2023 inatumia mechi: mabibi wanne mashabiki wa New England Patriots, timu ya futiboli ya Kimarekani, wanafunga safari kwenda Houston kwenye fainali ya Februari 2017, ile ambayo timu yao ilikuwa nyuma 28 kwa 3 ikarudi kushinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Mtunzi yeyote angeubuni mchezo huo, angeambiwa ametia chumvi.

Kisingizio chenyewe ni cha zamani kuliko sinema. Mwingereza Jerome K. Jerome alitoa mwaka 1889 kitabu kuhusu wanaume watatu na mbwa wanaopanda mtumbwi Mto Thames. Kuna mahali wana kopo la mananasi na hawana kifungulio. Wanalipiga kwa kisu, kwa jiwe, kwa mlingoti, wanajeruhiana, kopo linabaki limebonyea na limefungwa vile vile, mwishowe linatupwa mtoni. Mwaka 1900 akawarudisha watatu wale wale, safari hii kwa baiskeli Ujerumani. Sasa wawili wana wake, na kurasa za mwanzo zinakwenda kwenye swali la jinsi ya kuomba ruhusa nyumbani. Kwangu hapo ndipo aina hii inapozaliwa hasa: marafiki ni wale wale, kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu wa kuagwa.

Urafiki wa miaka mingi unaonyeshwaje ndani ya saa moja na nusu? Njia mbovu ni kuwafanya wahusika waeleze: "Unakumbuka mwaka ule tulipofukuzwa shule?" Hakuna anayezungumza hivyo na rafiki yake, kwa kuwa wote wanakumbuka. Njia nzuri ni kuwaonyesha wakifupisha. Mmoja anasema neno moja, labda jina la mwalimu, na wengine wanaangua kicheko. Mtazamaji hajui hadithi yenyewe na hana haja nayo. Anachokiona ni kwamba ipo.

Njia nyingine ni kuazima umri wa waigizaji wenyewe. Bob Hope na Bing Crosby walicheza filamu saba za safari pamoja kuanzia 1940 hadi 1962, na kufikia ya tatu hapakuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote kwamba hawa wanajuana. Lily Tomlin na Jane Fonda walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja katika Nine to Five mwaka 1980, wakaishi nyumba moja katika tamthilia ya Grace and Frankie kuanzia 2015 hadi 2022, kwa hiyo walipoingia kwenye 80 for Brady walikuja na miaka zaidi ya arobaini ya kutazamana usoni. Hiyo haiandikwi kwenye skripti.

Neno "nyepesi" nalo linahitaji maelezo, maana wengi hulichukulia kama "isiyo na maana". Wepesi hapa ni kiwango cha hasara. Begi hupotea, mafuta huisha, wanalala mahabusu usiku mmoja na kutoka asubuhi wakinuka. Kinachowekwa rehani ni hadhi ya mtu, si uhai wake. Ukitaka kuona mpaka ulipo, tazama Amici miei ya Italia, mwaka 1975. Pietro Germi aliiandaa, akafariki kabla ya kuipiga, ikaongozwa na Mario Monicelli. Wanaume wa Florence wenye umri wa makamo wana desturi ya kuondoka tu, bila mpango wala mahali pa kwenda, na wana neno lao kwa matembezi hayo: zingarata. Siku moja wanajipanga kwenye jukwaa la stesheni, na treni inapoanza kuondoka wanawazaba vibao abiria waliotoa vichwa madirishani. Abiria hawawezi kushuka. Unacheka mpaka unaona haya. Lakini mmoja wa marafiki hao anakufa kabla filamu haijaisha, na wenzake wanaendelea na mizaha hata mazikoni. Ni filamu kubwa, tena naipenda kuliko nyingi nilizozitaja hapa, ila nyepesi si neno lake.

Upande wa pili wa mpaka kuna uvivu. Nimechoka na vichekesho vya vidonge, miwani iliyopotea na kiuno kilichokaza. Vinamcheka mzee kwa uzee wake, jambo ambalo hata mgeni anaweza kulifanya. Rafiki hamcheki mwenzake kwa kuwa amezeeka. Anamcheka kwa kuwa amezeeka na bado anajivuna vile vile alivyokuwa akijivuna na kaptula yenye kiraka.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ugomvi, ambao mara nyingi huja theluthi mbili za filamu zikishapita. Unaanza na kitu kidogo, tuseme njia panda: mmoja kasema kulia, mwingine kushoto, wamepotea saa mbili. Watazamaji wanacheka bado. Kisha mmoja anasema, "Wewe siku zote unajua njia, hata pale ulipotuacha," na hapo hakuna anayezungumzia barabara tena. Mwandishi asipopanda mbegu mapema, ugomvi huu unaonekana umeletwa na saa ya skripti, kwamba dakika ya sitini imefika na lazima watu wanune. Akipanda, mzaha ule ule uliochekesha mwanzoni unarudi ukiwa shutuma.

Turudi kwa jaji wetu. Safari nzima ameitwa Kamasi: hotelini, kituo cha mafuta, mbele ya polisi wa barabarani. Mara mbili ameomba waache, kwa upole, na mara zote mbili wakacheka. Sasa wamepotea, usiku umeingia, na katika hasira zake amemkumbusha mwenzake deni ambalo halikupaswa kutajwa. Kimya. Yule mwenzake anafungua mlango wa gari, anashuka, anainama dirishani na kusema taratibu, "Sawa, mheshimiwa."

Hakuna tusi lililotolewa. Ni cheo chake halali, tena alichokuwa akikitaka tangu kaunta ya hoteli. Lakini kila mtazamaji anajua kwamba kibali kimerudishwa kwa mwenyewe.

Baada ya hapo upatanisho haupaswi kuwa hotuba. Watu waliojuana miaka hamsini hawaombani radhi kwa aya. Mmoja huleta chai, mwingine huinywa. Filamu dhaifu huwaketisha ufukweni, muziki wa kinanda ukalia, kila mtu akasema alichojifunza. Iliyo nzuri inasubiri alfajiri. Jaji amelala kiti cha nyuma, suti imekunjamana, na kioo cha dirisha kinagongwa kwa ufunguo.

"Kamasi, sogea. Leo naendesha mimi."

Anasogea.