Je, wajua kwa nini mvua ya kwanza hushibisha shamba kuliko zinazofuata?

Mkulima aliyezoea kazi hachelewi mvua ya kwanza. Wapo wanaopanda hata udongo ukiwa bado vumbi, mbegu ikisubiri chini. Ukimuuliza sababu atakuambia kwamba atakayepanda wiki mbili baadaye, hata kwa mbegu na mbolea ile ile, mahindi yake yatabaki nyuma msimu mzima. Wengi tunadhani ni suala la maji tu. Kumbe ndani ya udongo, saa chache baada ya matone ya kwanza, kunatokea vifo vya halaiki, na shamba linakula maiti hao.

Jambo hili lilifuatiliwa kwa makini hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, nje kidogo ya Nairobi, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kukausha udongo na kuulowesha tena. Kila alipoulowesha, udongo "ulihema": hewa ya kaboni dayoksaidi ilifumka ghafla na naitrojeni, kirutubisho cha mmea, ikafunguka, kisha mambo yakatulia. Akiukausha tena na kuulowesha, unahema upya. Wanasayansi wa udongo duniani kote wanaita hali hiyo athari ya Birch, ilhali wengi wetu tunapita Muguga tukielekea Naivasha bila habari.

Birch alikuwa akifuatilia kaboni na naitrojeni. Zamu ya fosforasi, kirutubisho kingine cha mmea, ilikuja baadaye. Mwaka 2001 Benjamin Turner na Philip Haygarth walionyesha, kwa udongo wa malisho ya Uingereza, kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa hutoa fosforasi nyingi zaidi inayoyeyuka majini, na kwamba sehemu kubwa yake ni fosforasi ya kikaboni, yaani ile iliyofungwa ndani ya vitu vya uhai kama DNA na utando wa seli. Ilitoka kwa vijidudu vya udongoni.

Inatokaje? Wakati wa kiangazi bakteria hawezi kwenda kutafuta maji. Anachofanya ni kujirundikia sukari na asidi za amino ndani ya seli ili maji kidogo yaliyobaki yasimtoroke. Mvua ikishuka ghafla, maji yanamkimbilia kwa sababu ndani yake ni kuzito kuliko nje. Umewahi kuloweka maharage usiku ukayakuta asubuhi maganda yamepasuka? Ni vivyo hivyo. Anayewahi kutema alivyorundika hupona. Asiyewahi hupasuka, na vyote vya ndani vinamwagika kwenye maji ya udongo.

Hapo mahindi bado hayajala kitu. Mzizi hunywa fosfeti tupu, yaani fosforasi iliyo huru, na kipande cha DNA ni kikubwa mno kwake. Lazima kikatwe kwanza, na mkasi wenyewe ni kimeng'enya kiitwacho fosfatasi. Mizizi yenye njaa huutoa, kuvu huutoa, bakteria pia. (Ndugu yake yumo mwilini mwako: zile herufi ALP kwenye majibu ya vipimo vya ini ni fosfatasi.)

Basi zinaanza mbio. Bakteria walionusurika wako karibu zaidi na chakula, nao wanazaliana upesi. Mzizi mchanga unanyemelea. Mshindani wa tatu hana uhai kabisa: ni kutu. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya na wa Kagera ni mwekundu kwa sababu ya oksaidi za chuma, na oksaidi hizo hushika fosfeti kwa nguvu kiasi kwamba mmea haupati hata ukiwa umesimama juu ya akiba tele. Ukiona mche wa mahindi kingo za majani zimegeuka zambarau na ukuaji umedumaa, mara nyingi ndiyo njaa hiyo. Shida si kwamba fosforasi haimo. Katika udongo mwingi, theluthi moja hadi zaidi ya nusu ya fosforasi yote ni ya kikaboni. Imo, ila imefungiwa.

Iliyofungiwa sana ni fiteti. Hii ndiyo akiba ambayo mmea huweka kwenye mbegu, na sehemu kubwa ya fosforasi ya punje ya mahindi au ya haragwe imo humo. Kuku hawezi kuimeng'enya vizuri, kwa hiyo nyingi inapita na kuishia kwenye samadi. Ikifika kwenye udongo mwekundu inang'ang'ania chuma kuliko hata fosfeti yenyewe, kwa kuwa ina mikono sita ya kushikia. Vipande vya DNA havishiki hivyo. Vinateleza kwa urahisi zaidi na maji.

Vinavyoteleza vinafika mtoni. Simama kando ya Nyando mvua kubwa zikianza uone rangi yake: ni shamba la mtu linapita. Likifika Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria, linapokelewa na bakteria wa kijani-buluu, ambao wana mkasi ule ule wa fosfatasi. Baadhi yao hujichotea naitrojeni hewani, lakini fosforasi haipatikani hewani kwa njia hiyo, kwa hiyo kila chembe inayoletwa na maji ina thamani kwao. Ndiyo maana maji ya ufukweni Kisumu hugeuka mazito na ya kijani kama yamemwagiwa rangi.

Na chembe hizo huzunguka. Seli ikifa, fosforasi yake inakatwa na kumezwa na jirani. Katika maji yenye uhaba, fosfeti inaweza kumezwa ndani ya dakika chache tu. Nyingine huzama na tope hadi kilindini, ikiwa bado imeshikiliwa na chuma kilichokokolewa kutoka mashambani. Huko chini oksijeni ikiisha, chuma hubadilika na kuyeyuka, kisha huiachia fosfeti iliyoshikwa. Kutu iliyomnyima mkulima fosforasi miaka nenda rudi inaitoa kilindini, na maji yanapochanganyika inapanda juu kuwalisha wale wale wa kijani.