Mtindo wa aya, na kwa nini huvurugika programu ikisasishwa

Mtindo wa aya ni maagizo yaliyokusanywa chini ya jina moja: fonti ipi, ukubwa upi, mistari iachane kiasi gani, aya ikiisha ibaki nafasi gani. Aya hubeba jina tu. Ukibadilisha maagizo, kila aya yenye jina hilo hubadilika papo hapo.

Shida huanzia hapo. Katika Microsoft Word mtindo wa msingi huitwa Normal, na jina hilo halijabadilika miaka yote. Maagizo yake ndiyo yaliyobadilika. Hadi Word 2003 ilikuwa Times New Roman 12, bila nafasi baada ya aya. Word 2007 ikaleta Calibri 11 na pointi 10 chini ya kila aya. Siku hizi ni Aptos.

Sasa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, anafika kwa wachapaji wa Wandegeya, mtaa ulio jirani na chuo, na flashi yenye sura tatu za utafiti alizochapa kwenye kompyuta kuukuu. Mchapaji anafungua faili jipya katika Word mpya, ananakili, anabandika. Majina ya mitindo yamegongana, na kwa kawaida mwenyeji, yaani faili linalobandikiwa, ndiye hushinda. Aya iliyotegemea mtindo inageuka Aptos, ile iliyopakwa fonti kwa mkono inabaki Times. Na kama alizoea kubonyeza Enter mara mbili ili kutenganisha aya, mapengo yanapanuka, kwa sababu mstari mtupu nao ni aya na una nafasi yake. Kurasa zinaongezeka, namba kwenye orodha ya yaliyomo hazilingani tena na kurasa.

Wengi hukimbilia kuteua kila kitu na kuchagua fonti upya. Huko ni kupaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu: mtindo unabaki vilevile chini, na ukilazimisha ukubwa mmoja, vichwa vya sura vinalingana na maandishi ya kawaida. Anza kwa kuweka kasa (kile kimstari kinachomweka unapoandika) kwenye aya iliyoharibika na kubonyeza Shift+F1. Word ya Windows itafungua kidirisha pembeni; weka alama ya vema kwenye "Distinguish style source", nayo itakuonyesha kipi kimetoka kwenye mtindo na kipi kiliwekwa kwa mkono. Kisha bofya Normal kwa kitufe cha kulia kwenye orodha ya mitindo, chagua Modify, rekebisha hapo mara moja tu. Aya zitakazokaidi, ziteue: Ctrl+Q huondoa mpangilio wa aya uliowekwa kwa mkono, Ctrl+Space huondoa wa herufi. Hii ya pili itumie kwa uangalifu, maana inafuta hata mlazo (italiki) wa majina ya vitabu.

Faili likiharibika upya kila ukilifungua, tazama kisanduku cha "Automatically update document styles" kwenye dirisha la violezo, yaani faili za mfano ambazo hati hurithi mitindo yake (Templates and Add-ins). Kikiwa na alama ya vema, kiolezo cha kompyuta hiyo kinafuta kazi yako kila mara. Kiondoe alama.

Kazi ya kupeleka kuchapishwa Nasser Road, barabara ya wapiga chapa jijini Kampala, ihifadhi kama PDF kwanza. Huko huwezi kujua wana Word ya mwaka gani.