Bangi haitalipa deni la taifa, lakini hesabu yake ipo

Mjadala wa kuhalalisha bangi ukizuka hapa Malindi, iwe barazani au kwenye kundi la WhatsApp, haukosi mtu wa kumtaja Profesa George Wajackoyah. Mwaka 2022 aligombea urais akiahidi kwamba bangi italipa deni la taifa, akaambulia chini ya asilimia moja ya kura. Kazi yangu ni hesabu za kodi, kwa hiyo swali hunifuata hata msibani. Jibu langu ni kwamba hoja ya kuhalalisha ipo, ila siyo hiyo.

Hiyo ya deni tuimalize haraka. Colorado, jimbo la Marekani lenye watu wasiofika milioni sita, lilianza kuuza bangi madukani tarehe 1 Januari 2014. Mwaka 2021, uliokuwa kilele, lilikusanya kodi na ada za zaidi ya dola milioni 400, karibu shilingi bilioni 45 kwa dola ya wakati ule. Deni letu mwaka uliofuata lilikuwa limeshapita shilingi trilioni 8. Na wale ni wanunuzi wenye mifuko ya Kimarekani. Hata hivyo kufikia 2023 makusanyo yao yalikuwa chini ya dola milioni 300.

Hoja yenyewe imo ndani ya bei. Tuseme, kwa mfano tu, msokoto mmoja unauzwa shilingi 50. Bangi ni mmea unaoota kama mchicha. Kuilima, kuikausha na kuisafirisha kama mzigo wowote wa halali, tuseme shilingi tano. Zile 45 ni za nini? Ni malipo ya hatari: dereva anayepitisha mzigo kutoka Moyale, mwenye chumba cha kuuficha, kitu kidogo cha kwenye kizuizi, na faida ya tajiri ambaye hashikwi kamwe. Hiyo tayari ni kodi. Mvutaji anailipa kila siku, ila haina risiti na haifiki Hazina. Ukihalalisha na kutoza ushuru, unachobadilisha hasa ni nani anazichukua zile 45.

Wengi hudhani msako mkali ukipandisha bei, biashara itakufa. Mwaka 2006 wanauchumi Gary Becker, Kevin Murphy na Michael Grossman walieleza kwa nini sivyo: kama wanunuzi hawapunguzi sana kununua bei inapopanda, fedha zinazoingia kwenye biashara huongezeka, na sehemu kubwa yake huishia kwenye mbinu za kuikwepa sheria. Ushuru unaweza kuiweka bei palepale juu bila hasara hiyo. Na sijagusa gharama ya polisi, mahakama na gereza kwa kijana aliyekutwa na msokoto mmoja mfukoni.

Lakini ushuru una dari, na Kenya tunaijua kwa pombe. Mwaka 2004 East African Breweries walileta Senator Keg, bia ya pipa ya bei ya chini, na serikali ikaja kuisamehe ushuru ili wanywaji waache chang'aa. Wakahamia kweli. Mwaka 2013 serikali ikaona hapo pana pesa, ikairudishia nusu ya ushuru. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, wateja wakarudi walikotoka. Mwaka 2015 msamaha ukarejeshwa kwa asilimia 90. California nayo ilifuta kodi ya kilimo cha bangi mwaka 2022, kwa kuwa magendo yalikuwa yanawashinda wenye leseni. Ukitoza zaidi ya zile 45, umemrudishia tajiri wa magendo duka lake.

Kuhalalisha bila mpango nako tunakuona kila jioni. Simama Maweni Probox ya muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, inapofika. Muuzaji anafungua gunia, anapima majani kwa kiganja, anatia kwenye vifuko. Wateja wamemzunguka, njugu na bigijii tayari mkononi. Bei inajulikana, ugomvi hakuna, kaunti inatoza chake. Ila hakuna anayeuliza umri. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo, na wazazi wengi niwajuao walikasirika. Siwalaumu. Leseni, umri wa mnunuzi na kipimo cha nguvu ya bidhaa ndivyo vinavyogharimu, na ndivyo wanasiasa wetu husahau.

Na unga, yaani heroini? Hapa na Lamu ukitaja madawa ya kulevya, watu hawafikirii bangi. Pwani yetu ni njia ya heroini. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ndani ya jahazi nje ya bahari yetu. Hoja ya ushuru siipeleki huko. Teja hanunui kwa kupima bei, na duka lenye leseni ya heroini silitaki Malindi. Kilicho na hesabu nzuri ni kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, kwenye hospitali yetu: aliyekunywa dozi yake asubuhi hahitaji kusaka pesa ya kete mchana kutwa. Pesa isiyosakwa ni simu isiyoibwa.

Kliniki hizo zinahitaji pesa, na hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wanaounga mkono ushuru wa bangi. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya kitaifa peke yake mamlaka ya kutoza ushuru wa bidhaa. Afya, kwa sehemu kubwa, ni mzigo wa kaunti. Maana yake Nairobi ingekusanya, Kilifi na Lamu zingetibu. Colorado waliandika kwenye sheria kwamba dola milioni 40 za kwanza za ushuru huo kila mwaka ziende kujenga shule. Mswada wa kwetu usiotaja fungu la kliniki za Pwani, kwa asilimia na kwa kifungu, nitaupinga.