Ati mtoto hana simu kwa hivo hayuko mtandaoni

Mi nafundisha primari hapa Busia, upande wa Uganda, na kila mkutano wa wazazi nasikia maneno yaleyale kuhusu watoto na kompyuta. Leo nayaandika, manake mengine yanatuumizia watoto.

Linaloniuma zaidi ni hili la "wangu hana simu, hayo mambo ya usalama wa intaneti wafundishwe wale wa Kampala." Jamani. Saa mbili usiku mama yuko jikoni anasonga posho, simu iko kwa meza, hiyo saa simu ni ya nani? Kuna msichana wa P5, darasa la tano, alikuwa anacheza gemu kwa simu ya mamake, ikapigwa, mtu akasalimia vizuri kabisa, akasema kuna namba sita zimeingia kwa mesiji, hebu nisomee nimtumie mama zawadi. Mtoto akasoma moja moja, polepole, vile tulivyomfundisha darasani. Kumbe zile namba ndo WhatsApp inatuma kuhakikisha akaunti ni yako, ukimpa mtu anaifungua kwa simu yake na wewe unajikuta nje. Kufika asubuhi mashangazi na kikundi kizima cha akiba wameshaombwa pesa kwa jina la mama, na wawili walikuwa wametuma. Mtoto alijua usiku uleule kuna kitu kimeharibika. Akanyamaza siku tatu, aliogopa fimbo.

Sasa hapo ndo inakuja ile nyingine, ati dawa ni kukataza na kuchapa. Ukweli ni kwamba anayemwinda mtoto mtandaoni anaishi kwa kimya chake, maneno yake ya mapema kabisa huwa "usimwambie mama", kwa hivo mtoto anayeogopa kuchapwa tayari ameshamfanyia yule mtu nusu ya kazi. Na si lazima awe mgeni, anaweza kuwa mtu anayekuja kwenu kila Jumapili. Darasani kwangu sheria ni moja: ukiona kitu kimekutisha au mtu amekuomba picha, sema kwa mtu mzima unayemwamini, hata kama wewe ndo ulibonyeza. Nyumbani kukiwa kugumu kuna Sauti 116, unapiga bure, ni laini ya watoto ya serikali.

Lingine: "shule haina labu, tutafundisha kompyuta na nini?" Na watoto wenyewe! Muhula uliopita nilimsimamisha kijana mmoja mbele, nikawaambia huyu ni roboti, anafanya kile mnachomwambia na si zaidi, mpelekeni mlangoni. Wakapiga kelele "nenda mlangoni!" akaenda moja kwa moja mpaka kwa benchi, akasimama. Msichana mmoja wa nyuma akasema, hamjamwambia apite wapi. Wakaanza upya, hatua nne mbele, geuka kulia, hatua mbili, akafika. Nikabadilisha roboti nikaleta mfupi, maagizo yaleyale, akaishia njiani, darasa zima likaanza kubishana ati hatua za nani? Hiyo sasa ndo algorithimu, maagizo ya hatua kwa hatua, na huko kurudi nyuma kutafuta kosa ndo kazi yenyewe ya anayeandika programu. Siku nyingine tunakata katoni za sabuni, kadi tano zenye madoa 1, 2, 4, 8 na 16, ukitaka 19 unainua 16 na 2 na 1, kadi tano tu zinakufikisha mpaka 31, na hivo ndivo kompyuta inavohesabu, kila kadi iko juu au iko chini, basi. Kule New Zealand watu wa Chuo Kikuu cha Canterbury wanatengeneza masomo ya namna hii tangu miaka ya 1990, yanaitwa CS Unplugged, hayahitaji umeme wala bando.

Wengine wanadhani kompyuta ni kujua kutaipu barua. Kutaipu ni kuzuri, lakini mkipata hata mashine moja wekeni Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu, ni ya bure na ikishawekwa inafanya kazi bila intaneti, mtoto anatunga gemu yake mwenyewe.

Halafu "picha nikishaituma, si nitaifuta tu." Ukifuta kwako, aliyeiseivu bado anayo. Na hapa wakosaji ni sisi wakubwa: matokeo ya PLE, ule mtihani wa kumaliza primari, yakitoka, status zinajaa slipu yenye jina kamili, shule na namba ya mtahiniwa, pembeni picha ya mtoto na beji ya shule inasomeka, yaani mtu asiyemjua ameambiwa ni nani na asubuhi anapatikana wapi. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data ya 2019 inataka mzazi akubali kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, sasa mzazi mwenyewe ndo anazimwaga.

Yule mama wa P5 akaunti yake aliipata tena. Tulikaa naye na binti yake kwa benchi nje ya ofisi, tukaingia sehemu ya akaunti kwa WhatsApp tukawasha ulinzi wa hatua mbili, ule wa kuweka PIN yako mwenyewe juu ya zile namba sita. Binti ndo alikuwa anasoma maelekezo kwa sauti, na mama alipofika pa kuandika PIN binti aligeuka akatazama pembeni, hakuna aliyemwambia.