Je, wajua kwa nini manyoya hayatoshi kumtambua nzi anayejifanya nyuki?

Nzi wanyang'anyi, familia ya Asilidae, wana spishi zaidi ya 7,000. Humdaka mdudu mwingine, humchoma kwa mdomo mgumu, humtia mate yenye sumu yanayoyeyusha nyama ya ndani, kisha humfyonza. Baadhi yao wana manyoya meusi na ya njano, wanafanana na nyuki wakubwa hata ukasita kuwashika.

Kwanza hakikisha ni nzi. Nyuki ana mabawa manne. Nzi ana mawili, na nyuma yake vijiti vifupi viwili vyenye kifundo. Kisha mtazame usoni: utosi wa mnyang'anyi umebonyea katikati ya macho, na juu ya mdomo ana ndevu ngumu. Nzi wa maua, ambao nao huiga nyuki, hawana bonde hilo.

Shida huanza kwa Laphria na Mallophora, jenasi (makundi ya spishi zenye undugu wa karibu) mbili za nzi wanyang'anyi wanaofanana na nyuki. Ukiyafuata manyoya utawaita ndugu, kumbe wamo katika familia ndogo mbili tofauti, Laphriinae na Asilinae, na kila ukoo ulijipatia sura ya nyuki kivyake. Bawa halisaidii: kwa wote, seli ndefu ya ukingo wa mbele, yaani nafasi iliyozungukwa na mishipa ya bawa, hufungwa kabla ya kufika pembeni. Kinachoamua ni kipapasio, na hapo lenzi ya mara 10 inatosha. Cha Laphria ni kinene na butu. Cha Mallophora huishia kwa uzi mwembamba kama unywele. Uzi huo hukatika kirahisi, na ukikatika, Mallophora huandikwa Laphria. Kwa hiyo hesabu pia pingili za palpi, viungo vidogo vya kando ya mdomo: Laphriinae mbili, Asilinae moja.

Ukimhifadhi nzi, pini ichomwe kulia kidogo mwa mstari wa kati wa kifua, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Alkoholi hugandamanisha manyoya, afadhali umkaushe. Kwa picha, piga uso kwa mbele na kipapasio kwa ubavu. Picha ya mgongo pekee haina msaada mkubwa.

Makazi ya mabuu nayo hutofautiana. Ya Laphria huishi katika mbao zinazooza, ya Mallophora udongoni yakishambulia mabuu ya mbawakawa. Ya Hyperechia, jenasi inayopatikana Afrika na iliyo ndani ya Laphriinae, hukaa katika mashimo ya nyuki watoboa mbao na kula watoto wao, na nyuki haohao ndio nzi huyu anaowaiga akikomaa.