Nyambizi za nyuklia za Australia: joto lisilozimika

Nyambizi inayoendeshwa kwa nyuklia si lazima ibebe bomu la nyuklia. Australia imejifunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na nyambizi itakazopata kupitia ushirikiano wa AUKUS zitabeba silaha za kawaida. Nyuklia iko kwenye injini tu. Lakini injini hiyo ina tabia moja ambayo kila nchi inayoitaka lazima iielewe kabla ya kusaini chochote.

AUKUS, yaani Australia, Uingereza na Marekani, ilitangazwa Septemba 2021, na mpango kamili ukatolewa San Diego Machi 2023. Kuanzia 2027, hadi nyambizi nne za Marekani na moja ya Uingereza zitapokezana kituoni HMAS Stirling, karibu na Perth. Mapema miaka ya 2030 Australia inatarajia kununua angalau tatu za aina ya Virginia. Baadaye itajenga zake, SSN-AUKUS, huko Osborne, Adelaide, ya kwanza ikitarajiwa mapema miaka ya 2040. Gharama imekadiriwa kuwa dola za Australia bilioni 268 hadi 368 kufikia 2055.

Kwa nini gharama yote hiyo? Nyambizi za sasa za Australia, Collins, hutumia dizeli na betri. Betri zikiisha, chombo hupanda karibu na uso wa maji, hutoa bomba la hewa na kuwasha dizeli ili kuchaji. Hapo ndipo huonekana kwa rada na kusikika kirahisi. Kinu cha nyuklia hakihitaji hewa. Maji yenye shinikizo kubwa hupita kwenye fueli, huchukua joto na kulipeleka kwenye kitengeneza mvuke; mvuke wa mzunguko wa pili, ambao hauchanganyiki na maji ya kwanza, huzungusha turbini za mwendo na za umeme. Kikomo cha safari kinabaki chakula na uchovu wa mabaharia.

Sasa ile tabia. Fito za kudhibiti mpasuko wa atomi ndani ya kinu zikishushwa, mpasuko huo hukoma karibu papo hapo, ila mabaki ya mpasuko huendelea kutoa joto: asilimia 6 hadi 7 ya nguvu iliyokuwapo, asilimia moja hadi mbili baada ya saa moja, na takriban nusu asilimia baada ya siku nzima. Mkaa ukiunyima hewa utazima; fueli hii hainyimiki kitu. Maji yasipozunguka, inaweza kuyeyuka. Ndiyo maana gati la nyambizi hizi linahitaji umeme wa nchi kavu wa kutegemewa, jenereta za akiba, upimaji wa mionzi, na zamu yenye ujuzi usiku na mchana, hata chombo kikiwa kimetulia.

Kuzima kinu kusikotarajiwa nako kuna hatari yake chini ya maji. Tarehe 10 Aprili 1963, USS Thresher ilizama Atlantiki na watu 129. Uchunguzi wa jeshi la majini la Marekani uliona kuwa yaelekea kiungo cha bomba la maji ya bahari kilipasuka, umeme ukaharibika, kinu kikajizima na chombo kikakosa nguvu ya kupanda. Hewa ya kusukuma maji nje ya matangi nayo ilizibwa na barafu kwenye vichujio, kwa sababu ilikuwa na unyevu. Hakuna kosa kubwa hapo. Ni kiungo na unyevu. Mpango wa SUBSAFE ulizaliwa hapo: kila kipande kinachozuia maji kuingia lazima kiwe na kumbukumbu ya chuma chake, aliyekichomelea na aliyekipima. Hakuna nyambizi yenye cheti hicho iliyozama tangu wakati huo.

Utaratibu huo ndio Osborne inapaswa kuujenga, na kwangu ni mgumu kuliko kupata fedha. Chuma cha nyambizi hupashwa joto kabla ya kuchomelewa, na elektrodi huwekwa kavu, kwani haidrojeni ikiingia kwenye kiungo, ufa unaweza kutokea siku kadhaa baadaye, kazi ikishaonekana safi. Maafisa wa Australia tayari wanasoma shule ya nyuklia ya jeshi la majini la Marekani huko South Carolina. Marekani yenyewe inaunda Virginia takriban 1.2 kwa mwaka wakati lengo lake ni mbili, na sheria yake inamtaka rais athibitishe kwamba mauzo hayatadhoofisha jeshi lake.

Fueli ni urani iliyorutubishwa, yaani kuongezewa sehemu inayopasuka kirahisi, hadi kiwango cha silaha. Itakuja ndani ya kinu kilichofungwa kwa kuchomelewa, kisichojazwa upya maisha yote ya chombo, na Australia imeahidi kutorutubisha urani wala kuchakata fueli iliyotumika. Hata hivyo itakuwa nchi ya kwanza isiyo na silaha za nyuklia kupewa vinu hivi, kwa hiyo masharti ya ukaguzi inayojadiliana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki yatakuwa kielelezo kwa watakaofuata, ikiwemo Brazil, inayotaka nyambizi yake ya nyuklia.

Imekubali pia kutunza taka zake yenyewe. Uingereza imekuwa ikistaafisha nyambizi za nyuklia tangu 1980, na zaidi ya 20 bado zimefungwa katika bandari za Devonport na Rosyth zikingoja kubomolewa. Fueli ya kwanza ya Australia itahitaji mahali pa kuzikwa miaka ya 2050. Eneo hilo linapaswa kutafutwa sasa, pamoja na jamii zitakazoishi jirani nalo.